Mwandiko wa Kabula

Ninyi mnaoanza kazi ya kufundisha watoto viziwi, sogezeni viti huku kwenye mwanga. Sisemi hivyo kwa ukarimu. Hilo ndilo somo la kwanza, na ukilikosa hilo mengine yote ni bure: mwalimu wa viziwi hasimami dirisha likiwa mgongoni mwake. Ukisimama hivyo uso wako unakuwa kivuli, na mtoto anabaki kutazama kichwa cheusi kinachotikisika. Utafundisha mpaka utoke jasho, na wao watakuwa wamejifunza umbo la masikio yako tu.

Naitwa Mwalimu Perpetua. Kwetu ni Majita, kule Mara, lakini kazi nimeifanya Mwanza, katika kitengo cha viziwi kilichokuwa ndani ya shule moja ya msingi upande wa Ilemela. Sasa nimestaafu, magoti yamechoka, lakini mikono bado ina maneno. Watu wa umri wangu wakiombwa kusimulia kazi zao huanza kwa kusema, "Mimi si lolote, nilijaribu tu." Mimi nilikuwa mwalimu mzuri na sioni haya kusema. Nitajisifu waziwazi, ila mkinisikiliza mpaka mwisho mtaona kwamba sifa zenyewe nimegawana na mama mmoja muuza samaki.

Aliyenifunza kazi alikuwa Mwalimu Kokushubira, mkuu wa kitengo chetu, mama wa kutoka Kagera. Tulimwita Mwalimu Koku. Alikuwa mwembamba, Mlutheri wa kweli kweli, na ugali wetu wa muhogo aliula kama mtu anayemeza dawa, akiwaza ndizi za kwao. Wiki yangu ya kwanza aliingia darasani akanikuta naandika ubaoni huku naeleza, kama tulivyozoea kwa watoto wanaosikia. Alisimama mlangoni mpaka nikageuka.

"Perpetua," akasema, "ubao hausikii, na watoto hawasikii. Unaongea na nani?"

Tangu siku hiyo nikiandika nilinyamaza, nikiongea niligeuka. Tena kulikuwa na mwalimu mwenzetu wa kiume mwenye masharubu mazito aliyoyapenda kuliko mshahara. Watoto walikuwa hawaoni midomo yake. Mwalimu Koku alimwita ofisini, akampa kioo, akamwambia ajisome midomo mwenyewe. Kesho yake akaja amenyoa, na mkewe akanuna na kitengo kizima kwa muda mrefu.

Mambo ya midomo yalikuwa makubwa wakati ule, maana chuoni tulifundishwa kwamba kiziwi lazima aongee kwa kinywa. Mikono ilikuwa mwiko, watoto waliikalia. Mimi nilimfundisha mtoto mmoja neno "baba" muhula mzima, kwa kioo, na kwa kipande cha karatasi mbele ya midomo ili aone pumzi inavyokitikisa. Akalipata. Akaenda likizo, na baba yake akarudi kunipa taarifa.

"Mwalimu, nashukuru, mtoto ameongea. Ameniita baba. Mama yake naye kamwita baba. Mbuzi kamwita baba. Tumekwenda kanisani, paroko naye kamwita baba."

Nikamwambia amshukuru Mungu, mtoto amepatia wawili kati ya wanne.

Nacheka sasa, lakini ndiyo iliyokuwa hali. Mtoto alikuwa na sauti ya neno, hakuwa na neno lenyewe. Ikaja miaka ya tisini, enzi za ruksa, kila kitu kikawa kinafunguliwa: maduka ya mjini yakajaa vitu tulivyokuwa tukivisikia tu, viwanda vya minofu ya sangara vikaota kando ya ziwa, mitumba ikapanda mpaka vijijini. Na mikono nayo ikafunguliwa. Tulipelekwa semina, tukaambiwa lugha ya alama ni lugha kamili kama Kiswahili au Kijita. Mwalimu Koku, ambaye mikono ile alikuwa ameichapa kwa rula, alirudi kutoka semina akakaa kwenye dawati la mbele kabisa, akawaambia watoto wamfundishe. Hapo ndipo nilipomheshimu mara mbili.

Vitabu vya shule tu ndivyo ambavyo ufunguzi haukuvifikia. Darasa zima kitabu kimoja, tena cha mwalimu. Kumbukeni jambo hilo, maana ndilo lililotaka kumpoteza Kabula.

Sehemu nyingine ya kazi yetu ilikuwa kuwasaka watoto. Hapa nawapa ujuzi ambao hamtaupata chuoni. Ukifika kijijini ukauliza, "Kuna mtoto kiziwi hapa?" utajibiwa hakuna, kwa sababu mzazi anadhani umekuja kumcheka au kumchukulia mwanawe. Uliza hivi: "Kuna mtoto mkaidi, asiyekuja akiitwa?" Watakujibu kabla hujamaliza, "Yupo! Yule wa pale! Tumempiga mpaka tumechoka!" Basi nenda pale. Mara nyingi utamkuta mtoto mwenye akili timamu, amekaa peke yake, anapigwa kwa kosa la kutosikia.

Siku moja nilikuwa Kigongo, nangoja kivuko kwenda Busisi kwa kazi hiyo hiyo ya kusaka. Foleni ya magari ilikuwa ndefu na njaa ilikuwa imenikamata. Nikaona kibanda cha samaki wa kukaanga, na mbele yake ubao mweusi umeandikwa kwa chaki: SATO WA MOTO. KULA KWANZA, ZIWA HALIHAMI. Vijana, mwandiko ule! Herufi zimesimama wima, zimepangana kama zimetoka kiwandani. Nikauliza nani kaandika.

Mama mwenye kibanda akanyooka. Alikuwa Msukuma mrefu, amejifunga khanga kifuani, mikono imemetameta mafuta.

"Mwanangu Kabula," akasema. "Maneno wameyatunga madereva, wakamwandikia kwenye pakiti ya sigara, yeye kayaweka ubaoni. Hasikii huyu, hasemi, lakini yuko darasa la nne, na kwa mwandiko shule nzima hayupo anayemfikia. Hata walimu anawaandikia."

Nilijawa na furaha, nikasahau hata samaki. Mtoto kiziwi, hajapita kwetu, na anaandika hivi! Nilipotoka Busisi sikupitiliza mjini. Nilishuka nikaenda shuleni kwa Kabula nikamtazame kwa macho yangu.

Jina la shule silitaji, ilikuwa moja ya zile za upande wa Usagara, na mwalimu mkuu wake alikuwa mtu mwema, mcheshi, asiye na hila. Alinipokea vizuri akanizungusha. Kila ukuta ulikuwa na chati iliyoandikwa na Kabula: viungo vya mwili, wadudu, methali, Wimbo wa Taifa. Akaniambia kwamba kwa kuwa kitabu ni kimoja, mwalimu humpa Kabula kitabu, Kabula huandika somo lote ubaoni, wenzake wananakili. "Mkono wa dhahabu," akasema. "Anaokoa shule."

Tukaingia darasa la nne, Kabula akiwa anaandika. Msichana wa miaka kumi hivi, mwembamba, miguu imejaa vumbi la chaki, ameshika kitabu mkono wa kushoto wala hatazami nyuma. Somo lilikuwa la kilimo cha pamba. Niliona watoto wanaminyana na kuziba vinywa. Nikasoma ubaoni. Baada ya sentensi ya kupalilia pamba, kwa mwandiko ule ule mzuri, palikuwa pameandikwa: JUMA NI MWIZI WA CHAKI. Kisha pamba ikaendelea.

Niliomba kitabu. Mtundu mmoja alikuwa ameandika maneno hayo kwa penseli pembeni mwa ukurasa. Kabula aliyachukua kama alivyochukua mengine yote, pamoja na namba ya ukurasa chini. Mwalimu mkuu alicheka sana. Mimi nilikifunga kitabu. Nilijua hapo hapo kwamba mtoto yule hakuwa anasoma. Alikuwa anachora. Pamba kwake ilikuwa mistari, Juma alikuwa mistari, Mungu ibariki Afrika ilikuwa mistari. Na kwa kuwa kazi zao nyingi zilikuwa za kunakili, daftari zake zilijaa vema nyekundu kuliko za mtu yeyote.

Jueni basi hatari ya namna hii. Kiziwi anayekaa nyumbani kila mtu anaona kwamba hana shule. Kiziwi anayenakili vizuri hakuna anayemwona. Mwalimu mkuu alinikatalia kwa upole: akiondoka Kabula, nani ataandika? Tulikwenda na Mwalimu Koku kwa afisa aliyekuwa anashughulikia uhamisho wa wanafunzi. Alifunua daftari za mtoto, akazifunga.

"Huyu ana shule na anafaulu," akasema. "Nafasi zenu chache wapeni wasio na shule. Msinichezee."

Yaani uzuri wa kazi yake ndio uliokuwa unamfungia mlango. Na wa tatu kukataa, aliyeniuma kuliko hao wote, alikuwa mama yake. Nilimfuata kibandani, nikamweleza kwa maneno matamu niliyoyaandaa njiani, kwamba Kabula anaandika lakini hasomi, kwamba kwetu atapata lugha ya mikono, kwamba tuna bweni dogo. Aliendelea kugeuza samaki. Nilipomaliza akaniangalia.

"Mwalimu, mimi kusoma nimejifunzia elimu ya watu wazima, nikiwa na mtoto huyu mgongoni. Leo ananishinda mwandiko. Watu wote wa hapa kivukoni walikuwa wakinihurumia, sasa wananipongeza. Halafu unakuja wewe na pochi yako unaniambia mwanangu hajui kitu, unataka ukamweke na mabubu? Una kitengo kinataka watoto. Haya, katafute kwingine."

Nilipanda gari nikiwa nimevimba kwa hasira. Nilimwambia Mwalimu Koku kwamba mama yule ni mjinga. Mwalimu Koku aliweka kikombe chini.

"Si mjinga. Umemnyang'anya kitu chake kimoja kizuri, halafu unataka akushukuru? Mzazi haambiwi, Perpetua. Mzazi huonyeshwa. Mpe chaki."

Nikarudi. Nilimwomba mama jambo moja tu: aje shuleni jioni moja, watoto wakishatoka, amwandikie mwanawe swali lolote analotaka yeye. Akipata jibu, sitakanyaga tena Kigongo. Alikubali haraka, akitaka aniaibishe mara moja tumalizane. Alikuja amevaa gauni la kanisani. Tulikuwa wanne darasani: yeye, mimi, mwalimu mkuu na Kabula. Mtoto alifurahi kumwona mama yake shuleni, akamfutia kiti vumbi.

Mama akashika chaki. Mkono wake ulikuwa mzito, herufi zilipanda na kushuka. Aliandika: MAMA YAKO ANAITWA NANI?

Akampa Kabula chaki akasogea pembeni, kidevu juu.

Kabula alilitazama swali kwa makini. Akalitazama tena, kichwa upande, kama fundi anayekagua kazi ya mwenzake. Kisha chini yake, kwa herufi zilizonyooka, akaandika: MAMA YAKO ANAITWA NANI? Akachukua rula ya ubao akapiga mstari. Akageuka kwetu akitabasamu, akingoja asifiwe.

Mama alingoja. Nilimwona anangoja, anadhani mtoto ataendelea, kwamba hilo ni swali na jibu linakuja. Akamwonyesha ubao kwa kidole: endelea. Kabula akafikiri kidogo, akaliandika swali mara ya tatu.

Mwalimu mkuu akakohoa. "Labda swali hili hajalizoea, mama. Tujaribu—"

"Mwalimu mkuu, nyamaza," mama akasema. Hakupandisha sauti. "Mwanangu hajui kama nina jina."

Akakaa kwenye kile kiti kilichofutwa vumbi. Kabula tabasamu lilimpotea. Alikuwa ameandika vizuri na hakuna aliyefurahi, na hakuwa na namna ya kuuliza kwa nini. Nililia mimi, mwalimu niliyekwenda kushinda. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, nami siku hiyo niliuona kwa karibu. Mama alimvuta mtoto akamkalisha mapajani, mkubwa vile, miguu ikigusa sakafu. Kisha akamwambia mwalimu mkuu maneno ambayo nimeyarudia kwa kila mwalimu niliyepata kumfundisha kazi.

"Miaka yote hii mmemfanya mwanangu ubao. Mnaandikia juu yake."

Mwalimu mkuu, namsifu kwa hili, hakujitetea. Alitia sahihi yake siku ile ile. Akabaki afisa.

Mimi nilitaka turudi kwa afisa kwa utaratibu, tuombe nafasi ya kumwona. Mama Kabula akasema utaratibu wameshautumia wenye nguo safi. Aliondoa ubao wake mbele ya kibanda, akaufuta, akaubeba kichwani, akamshika mtoto mkono, akaniambia, "Twende." Tulikaa kwenye benchi nje ya ofisi mpaka wafanyakazi wakazoea harufu ya samaki. Mwishowe tukaitwa.

"Shikamoo, bwana afisa," mama akasema, ingawa yule bwana alikuwa mdogo kwake. Alikuwa anajua anachofanya. "Wewe umesema mwanangu anafaulu. Basi muulize kitu. Chochote. Mwandikie hapa."

Akauweka ubao juu ya meza, juu ya mafaili. Afisa alitaka kukataa, lakini watu walikuwa wameshajaa mlangoni kuchungulia. Akaandika: UNAKAA WAPI? Na kwa mazoea ya mtu ambaye kutwa kazi yake ni kuidhinisha, alipomaliza akaitupia sahihi yake chini, ile ya mikunjo mingi na nukta mbili mwishoni.

Kabula akachukua chaki. UNAKAA WAPI? Kisha, taratibu, mikunjo yote na nukta zote mbili, akaiweka sahihi ya afisa.

Afisa aliinamia ubao, akatazama ya juu, akatazama ya chini.

"Ya kwangu ni ipi?" akauliza.

Mtu mlangoni alishindwa kujizuia akacheka. Afisa akasimama wima, akaufuta ubao kwa mkono wake wa shati. "Mwalimu," akaniambia, "mchukue mtoto huyu leo hii, kabla hajaanza kuhamisha walimu." Na alikuwa anaandika barua huku anasema. Mimi na Mama Kabula tulishuka ngazi tumeshikana mikono kama wasichana. Hakuniomba msamaha kwa ile ya pochi, nami sikumdai.

Sasa msidhani kwamba kufika kitengoni ndiyo mwisho. Kabula alipofika kwetu alinakili kila kitu. Alinakili gunia la unga, kalenda, kopo la maziwa ya unga, majina kwenye ndoo za wenzake. Ukimwonyesha alama ya maji, yeye anatafuta penseli. Mwalimu Koku akamtazama wiki kadhaa, akaamua jambo ambalo walimu wengine walisema ni ukatili: alimnyang'anya chaki na penseli. Muhula mzima asiandike.

"Huyu ameshiba herufi," alisema. "Njaa yake ni ya maneno. Ukimwachia herufi hatakula kingine."

Kabula alilia. Alichora kwa kijiti mchangani, tukamtoa. Tukaanza upya: kwanza kitu chenyewe mkononi, kisha alama yake, kisha kukitumia kwa wenzake, na neno la kuandikwa mwisho kabisa, baada ya mtoto kulihitaji. Kwa kuwa ni mtoto wa kivukoni tulianza na samaki. Sato, sangara, dagaa, kila mmoja na alama yake, maana kwao samaki si samaki tu. Lakini sitajisingizia kazi isiyo yangu. Waliomfungua hasa ni watoto wenzake bwenini. Viziwi hupeana majina ya alama, jina analostahili mtu kwa sura au tabia yake. Yangu mimi ni mkono kiunoni na kidole kinachotikiswa, sina haja ya kueleza. Kabula wakampa mkono unaoandika huku kidevu kimeinuliwa.

Siku alipoelewa kwamba ile alama ni yeye, yeye na si mwingine, hatukufundisha tena. Alizunguka shule nzima akiuliza majina. Mpishi, mlinzi, mwalimu mkuu, kila mtoto wa darasa la kwanza. Akamuuliza jina mbwa wa mlinzi. Akauliza jina la jiwe, tukamwambia ni jiwe tu, hakuridhika. Aliporudi kwao likizo nilipata habari kwamba madereva wa Kigongo walikuwa wanajificha, maana alikuwa anapita na chaki, tuliyokuwa tumeshamrudishia, akimwandikia kila mmoja: JINA LAKO NANI?

Leo Kabula ni mama mtu mzima, na ukifika mwaloni Kirumba, wanakoshushia samaki, utaiona kazi yake: anaandika majina ya mitumbwi kwa rangi, na mabango ya maduka mpaka Buswelu. Mwandiko ni ule ule. Tofauti ni kwamba sasa anasoma. Mwenye mtumbwi akimletea jina la mwanamke, anamuuliza kwa maandishi kama mkewe anamjua huyo.

Lakini nilitaka kuwasimulia Ijumaa moja, siku ya wazazi, Kabula akiwa kwetu mwaka wa pili. Mama yake alikuja na beseni la samaki kwa ajili ya bweni zima. Alikuwa ameshajifunza alama kadhaa, anazitoa kwa nguvu kama anayefukuza kuku, watoto wakampenda kwa hilo. Mwanzoni kabisa alikuwa amenikataza kumfundisha Kabula jina lake. "Hilo niachie," alisema, na sikumuuliza tena. Siku ile darasa lilikuwa limejaa wazazi. Akaja mbele akanyoosha mkono kwangu. Alitaka chaki.

Nilijua anataka kuandika nini. Nilitamani kumzuia. Swali lile si jepesi kwa mtoto kiziwi, halina kitu cha kushika wala cha kuonyesha, na sikuwa nimemwandaa. Iwapo angelinakili tena mbele ya watu wote, sijui mama yule angetokaje mle ndani, na mimi sijui ningeingiaje Jumatatu. Mwalimu Koku, aliyekuwa amesimama kando ya dirisha, akanitikisia kichwa: mpe.

Akaandika kwa herufi zake za kupanda na kushuka: MAMA YAKO ANAITWA NANI?

Kabula alikuja akachukua chaki. Akalisoma swali. Safari hii niliona macho yakitembea, yanakwenda na kurudi, kama ya mtu anayesoma. Akamgeukia mama yake, akamtazama usoni kwa wasiwasi wa kweli, jinsi unavyomtazama mzee aliyeanza kupotea njia ya nyumbani. Kisha akageuka akaandika:

MILEMBE. MAMA, UMESAHAU?

Darasa zima lilicheka, wanaosikia kwa vinywa na wasiosikia kwa kupiga madawati. Milembe hakucheka. Alisogea ubaoni akasoma kwa sauti, kidole chini ya kila neno, kama walivyomfundisha elimu ya watu wazima. Alipofika kwenye jina lake akalirudia. Kisha akamwelekea mwanawe, na kwa ile mikono yake ya kufukuza kuku akamjibu kwa alama: nilisahau, sasa nimekumbuka.

Jumatatu nilifundishia nusu ya ubao. Nusu nyingine Milembe alikuwa ametukataza kuifuta.